Kina mama wa mwaloni na ugonjwa wa moyo, tuanzie wapi kuelimishana?

Mama_Mzani_Kirumba:

Habari za jioni wadau. Mie ni mweka hazina wa kikoba cha kina mama huku Kirumba, Mwanza, wengi wetu tunauza dagaa na samaki pale soko la Mwaloni, wachache wana genge. Naomba mawazo yenu maana hili jambo linanikosesha usingizi.

Mwenzetu mmoja, mama wa miaka hamsini na kidogo, alikua analalamika anachoka. Sio ule uchovu wa kushinda juani unageuza dagaa, huo tunaujua wote. Anasema akipandisha kilima cha kwake anasimama anashika jiwe mpaka pumzi irudi, na huyu mama zamani alikua anapanda hicho hicho kilima na ndoo kichwani huku anaongea na simu. Alafu kichefuchefu, alafu maumivu yanaanza mgongoni kati ya mabega yanapanda mpaka kwenye taya. Duka la dawa akapewa dawa za vidonda vya tumbo, zikaisha akapewa zingine, akaenda zahanati moja nako wakamwambia ni gesi na mawazo. Siku ya siku kaamka alfajiri jasho limelowesha shuka, mwili wa baridi, anatapika, hapumui vizuri, bahati nzuri kijana wake anaendesha bajaji na alikua hajatoka. Hospitali wakampima ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na damu, wakasema ni mshtuko wa moyo. Yuko hai tunamshukuru Mungu ila moyo umeumia na kazi ya kubeba amekatazwa.

Sasa kilichoniuma zaidi ni kikao kilichofuata. Nikauliza nani ameshapima presha ukiacha ule wakati wa mimba, mikono iliyonyooka ni michache mno. Hawa hawa ukiwauliza saratani ya matiti, shingo ya kizazi, malaria, watakueleza mpaka dawa zake. Ukitaja moyo wanasema ni ugonjwa wa wanaume wenye vitambi, au wa mtu mwenye mawazo kaachwa na mume.

Nataka kikobani kwetu tuelimishane kweli kweli, sio semina ya siku moja soda na kupiga picha. Tuanzie wapi? Ni kweli dalili za mwanamke ni tofauti na za mwanaume? Na nitasemaje bila kuwatia watu hofu hadi wakimbie?

Sista_wa_Igoma:

Pole sana mama, na mgonjwa wenu Mungu ampe nafuu. Mie ni nesi, nimekaa wodi ya wazazi muda mrefu saivi niko kliniki ya presha na sukari hapahapa jijini.

Hiyo ya kusema moyo ni wa wanaume ndo muanze nayo. Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, kiharusi kikiwemo, ndo yanaongoza kuua wanawake duniani. Mwaka 2019 walikufa wanawake karibu milioni 8.9 kwa sababu hiyo, yaani kwenye kila wanawake 100 waliofariki mwaka ule 35 ni moyo na mishipa. Saratani ya matiti ambayo wote tunaiogopa, na ni haki kuiogopa, haifikishi hata milioni moja kwa mwaka. Sisemi tuache kujipima matiti, nasema huku nako tuangalie.

Kuhusu dalili, msije mkafundishana kwamba mwanamke haumwi kifua. Anaumwa, na kifua kubana au kuwa kizito bado ndo dalili kubwa hata kwetu. Ila kwa mwanamke mara nyingi kifua kinakuja na wenzake, au wenzake wanakuja kifua hakipo: pumzi kukata, kichefuchefu, jasho la baridi, maumivu ya mgongo, taya, shingo, bega, tumbo la juu hapa chini ya kifua, kizunguzungu, na uchovu usioeleweka. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2003, waliwahoji wanawake 515 waliopata mshtuko wa moyo, karibu 7 kati ya 10 walisema zaidi ya mwezi kabla walikua wanachoka isivyo kawaida, karibu nusu usingizi ulivurugika, na siku yenyewe 43 kati ya kila 100 hawakuumwa kifua kabisa. Ukisoma hapo unamuona mwenzenu.

Hii ya vidonda vya tumbo tunaiona sana. Moyo na tumbo la juu vinapeleka taarifa ya maumivu kwa njia za karibu karibu, kwahiyo hata daktari hawezi kukutofautishia kwa kukutazama usoni, lazima ECG na kile kipimo cha damu cha troponini. Mama akivuka miaka arobaini, au ana presha au sukari, na maumivu yanakuja akitembea au akibeba alafu akikaa yanaachia, naomba neno vidonda lisitajwe kabla moyo haujapimwa.

Na sisi watu wa Mwanza tuna kipimo cha bure, hii milima. Mabatini, Igogo, Kitangiri, nusu ya mji tunalala juu ya mawe. Badala ya kuwaanzishia kina mama habari za vifo, waulize swali moja tu: kilima chako saivi unakipandaje ukilinganisha na mwaka jana? Kila mtu ana jibu na hakuna anayeogopa. Aliyekua anapanda bila kusimama na sasa anasimama, huyo apelekwe akapimwe, hata kama anasema ni uzee.

Binti_Sengerema:

Naomba niongezee kitu maana watu wakisikia moyo wanafikiria mama mtu mzima tu. Mie yalinipata nikiwa na mtoto mchanga.

Mimba ilienda vizuri, nikajifungua salama. Baada ya wiki kadhaa miguu ikavimba, kukohoa usiku, nikilala chali pumzi inakata nakaa kitandani, mwisho nikawa nalala nimeegemea ukuta na mito mgongoni mtoto nimempakata. Nyumbani wanasema damu ya uzazi haijatoka yote, nikaongezewa uji wa pilipili manga na maji ya moto. Kituo cha kwanza nilichoenda, sikitaji, nikapewa dawa ya kikohozi na kuambiwa mzazi kuchoka ni kawaida. Kweli mzazi anachoka, ila anayechoka anatamani kulala, mie nilikua naogopa kulala.

Aliyenisaidia ni daktari wa pili, alinibonyeza mguu hapa mbele ya ugoko kwa kidole shimo likabaki, akasikiliza kifua, akaandika rufaa hospitali ya Bugando palepale. Enzi hizo tulikaa foleni ya kivuko pale Busisi nahema kama mtu aliyekimbia, saivi tangu 2025 daraja lipo afadhali. Nikapimwa eko, ile picha ya moyo, moyo umetanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Wakaniambia ni ugonjwa wa moyo wa wazazi, unaanza kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba mpaka miezi 5 baada ya kujifungua, na sisi waafrika unatupata kuliko watu wa mabara mengine. Nikapewa dawa za kukojoza maji na za moyo, nimezitumia mpaka moyo umerudi karibu na kawaida, bado nahudhuria kliniki.

Kitu ambacho hakisemwi ni hichi, niliambiwa nisishike mimba nyingine kabla daktari hajapima moyo na kuniruhusu maana unaweza kurudi vibaya zaidi. Jaribu kuwaeleza ukweni kwamba huzai tena sababu ya moyo na wanakuona unatembea sokoni. Kwahiyo mama mkifundishana waiteni na mama wakwe na waume. Wao ndo wanaamua mzazi apelekwe hospitali saa ngapi.

Nyavu_Igombe:

Wakuu mie mnisamehe nitasema tofauti kidogo. Hawa kina mama wa mwaloni wanabeba madishi na magunia kutoka asubuhi, wanatembea, wanakula dagaa na samaki wabichi wa ziwani, sio chipsi. Mazoezi gani zaidi ya hayo? Nadhani tatizo ni mawazo, mikopo ya kausha damu na ndoa. Watu wa maofisini ndo waogope. Au ni dagaa wenyewe wana chumvi?

Sista_wa_Igoma:

Kaka Nyavu hujakosea kuuliza, hata wenyewe ndo wanavosema. Kufanya kazi ya mwili kunasaidia kweli. Ila presha haiangalii unabeba nini, na ndo mlango mkubwa wa haya yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kama wanayo. Moyo wenye presha ni kama injini ya mtumbwi uliopakia kupita kiasi, inasukuma tu kila siku na mtumbwi unafika, hakuna anayeifungua kuangalia mpaka siku inazima katikati ya maji. Mtu ana 170 kwa 100 na anacheka na wenzake hana hata kichwa kuuma.

Dagaa waliokaushwa juani bila chumvi wala usiwaogope, ni chakula kizuri. Chumvi tunaiweka wenyewe, kwenye mboga, kwenye ugali wengine, alafu na vile viungo vya pakiti ambavyo navyo ni chumvi tu, alafu samaki wa chumvi. Inayopendekezwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu ulichokula tangu asubuhi. Na wanaokaanga samaki kwa mafuta yale yale yaliyokua meusi, hayo ndo chipsi zenyewe kaka.

Kuna na moshi. Kina mama wanaobanika samaki kwa kuni wanashinda ndani ya moshi, na moshi hauishii kwenye macho na kifua, unaumiza na mishipa ya damu. Nao waulizwe kile kilima.

Mawazo na mikopo siyadharau, msongo unapandisha presha na unamnyima mtu usingizi. Ila mwanamke akisema kifua kinabana akajibiwa "ni mawazo" hapimwi tena, anarudi nyumbani. Mwanaume akisema hivo hivo anawekwa kitandani. Hili linaniudhi kwa kweli na nimeliona kwa macho yangu.

Binti Sengerema asante sana kwa kusema. Na mie niongeze kwa wale wote waliowahi kupata kifafa cha mimba au presha ya mimba: wengi wanajua ikiisha mimba imeisha. Haiishi hivo. Aliyepata kifafa cha mimba ana uwezekano karibu mara mbili wa kuja kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi mbele ya safari kuliko ambaye hakupata, na wa kupata presha ya kudumu ndo zaidi. Sukari ya mimba nayo hivo hivo. Kwahiyo pima presha ile wiki ya sita ukipeleka mtoto kliniki, alafu kila mwaka maisha yote. Tatizo letu ni kwamba kliniki baada ya hapo kila mwezi anapimwa mtoto, uzito unaandikwa, chanjo inaandikwa, mama aliyembeba hakuna anayemfunga mkanda wa presha. Siku ya chanjo muombe nesi akupime, ni dakika chache, mie ukiniomba siwezi kukunyima.

Na kina mama wenye umri wa kukoma hedhi, ile homoni iliyokua inatulinda inashuka, presha na lehemu (mafuta kwenye damu) vinapanda. Aliyekua sawa akiwa na miaka 40 asitembee na majibu yale yale akiwa na 55.

Mwl_Nyegezi:

Uzi mzuri sana huu. Marekani chama chao cha moyo kilianzisha kampeni 2004, wanawake wanavaa nguo nyekundu Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa pili kukumbushana kwamba moyo unaua wanawake. Nyie kikoba si mnashonaga sare kila mwaka? Sare ya mwaka huu iwe kitenge chekundu, mtu akiuliza mbona nyekundu, somo limeshaanza hapohapo sokoni. Mnaweza kuilenga tarehe 29 Septemba, siku ya moyo duniani.

Alafu matokeo ya presha muyaandike kwenye kile kitabu cha hisa, kila kikao namba ya hisa na namba ya presha, watu watashindana kushusha.

Jingine ni watoto wa kike. Mie nafundisha shule ya msingi, mtoto akija na mafindofindo tunampa maji ya chumvi asukutue anarudi darasani. Nimeambiwa mafindofindo ya aina fulani yasipotibiwa yanaharibu valvu za moyo, ile milango ya kupitisha damu, je ni kweli?

Sista_wa_Igoma:

Ni kweli kabisa mwalimu. Kuna bakteria wa koo, mtoto wa miaka 5 mpaka 15 ndo anashambuliwa zaidi, akiachwa bila dawa ya kuua bakteria mwili wenyewe unakuja kuugeukia moyo, valvu zinapata makovu taratibu. Wasichana wanaumia zaidi ya wavulana, na wengi hawajui mpaka wabebe mimba. Mimba inaongeza damu mwilini, valvu iliyobana inashindwa, binti wa miaka 22 anaanza kutema povu la damu wodini. Mtoto mwenye koo linauma na homa, au viungo vinavimba na kuhama, leo goti kesho kiwiko, apelekwe hospitali. Akikutwa na huo ugonjwa anachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka, na hiyo sindano asiikose.

Kitenge chekundu naunga mkono kwa mikono miwili. Ila namba kwenye kitabu cha hisa hapana mwalimu. Kitabu kinasomwa mbele ya watu wote, mama mwenye presha kubwa atasemwa, au ataacha kuja, na wengine watasema asikopeshwe maana atakufa na deni. Kila mtu awe na kadi yake mwenyewe aitunze kwenye pochi.

Mama_Mzani_Kirumba:

Wabeja sana jamani, nimesoma kila kitu na nimemsomea mwenyekiti wetu kwa simu. Hilo la kukopeshwa sista umegusa penyewe, lingetokea, nawajua.

Tumeshakubaliana mambo haya. Tunanunua mashine ya presha ya kikoba kwa hela ya mfuko wa jamii. Mfuko huo huo utoe nauli usiku wowote mwanachama akizidiwa, ya bajaji au ya mtumbwi kwa wale wenzetu wanaolala ng'ambo, mtu asianze kutafuta mume yuko wapi wala kusubiri kukuche. Na yule mwenzetu mgonjwa akipata nguvu amekubali kuja kuongea mwenyewe, kwa Kisukuma, maana bibi zetu wengine pale Kiswahili cha hospitali hakiwaingii.

Sista nisaidie kwenye mashine, watu wananiambia hizi za betri zinadanganya.

Sista_wa_Igoma:

Hazidanganyi sana kama mnajua kupima, mara nyingi tunazidanganya sisi. Nunueni ya kufunga mkono wa juu, achaneni na ile ya kifundo cha mkono. Mama akae kwenye kiti chenye mgongo dakika 5 bila kuongea, na hiyo bila kuongea ndo ngumu kikobani, mpeni kona yake. Miguu chini asipishanishe, mkono ulale mezani usawa wa moyo, mkanda ufungwe kwenye ngozi sio juu ya sweta. Awe ameshakojoa, asiwe ametoka kunywa kahawa au kubeba dishi sasa hivi. Pima, subiri dakika moja, rudia. Na mkanda uendane na mkono, mama mwenye mkono mnene mkifunga mkanda mdogo utawapa namba kubwa ya uongo mtamtisha bure, kwahiyo ulizeni duka lenye mikanda miwili.

Ikija 140 kwa 90 au zaidi msimwambie ana presha, mwambieni arudie siku nyingine, ikibaki hivo aende kituo cha afya. Ikifika 180 kwa 120 na kichwa kinamuuma sana, macho hayaoni vizuri, kifua kinabana au upande mmoja umelegea, hapo ni bajaji moja kwa moja hospitali kubwa. Na dawa za presha mtu hashiriki na jirani, wala haachi kwa sababu anajisikia vizuri, anajisikia vizuri kwa sababu anakunywa.

Nyavu_Igombe:

Sista nimekuelewa. Swali la mwisho, bimkubwa wangu ana miaka 61, ana kibanda cha samaki, kiuno na magoti vinamsumbua, kila siku kabla hajatoka anakunywa diklofenaki ananunua mwenyewe dukani, ni miaka sasa. Kuna shida? Na siku hizi kweli akifika kwangu anakaa kwanza kabla ya kusalimia.

Sista_wa_Igoma:

Kuna shida kaka, tena mbili. Diklofenaki ya kila siku inapandisha presha, inaumiza figo na inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo, hiyo sio dawa ya kunywa kama chai. Na hiyo ya kukaa kwanza kabla ya kusalimia ndo kile kilima ninachokisema tangu juu. Mpeleke wiki hii, hospitali ya Sekou Toure au kituo cha afya chochote kilicho karibu, apimwe presha, sukari, figo na ECG, beba na hivyo vidonge uwaonyeshe. Usimwambie tu "mama acha dawa", magoti yanauma kweli, waombe wambadilishie ya kutuliza maumivu ambayo moyo wake unaimudu. Akikataa kwenda mwambie ni magoti mnayoenda kuangalia, mkishafika nesi atajua cha kufanya.